Namba Alizoandika Orpha

Kwa Orpha, Alhamisi ilikuwa siku ya kukimbia. Siku nyingine za juma aliweza kupiga miayo kidogo, akajinyoosha juu ya mkeka na kusikiliza majirani wa avenyu ya kumi na saba wakifungua milango yao. Alhamisi hapakuwa na nafasi ya miayo. Aliteka maji, akafagia ua, akapika uji, akamwogesha mdogo wake Akilimali, akamfunga mgongoni kwa kitenge na kwenda naye Kituo cha Mama na Mtoto kabla ya saa tatu. Aliporudi alimwacha mtoto kwa jirani, akavaa sare na kwenda shule, kwa maana darasa lao, la sita, lilisoma mchana.

Orpha alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walitoka Kongo kabla hajazaliwa, wakapanga vyumba viwili hapo mtaani Buyenzi. Baba alikuwa fundi wa kujenga, na miezi hiyo alikuwa mji wa Rumonge kwenye kazi. Mama, jina lake Namegabe, aliwafulia watu nguo huko Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu. Alitoka kumekucha, akarudi jua linazama, vidole vimesinyaa kwa maji na sabuni.

Akilimali alikuwa na miezi kumi na mitatu, lakini ungemwona ungedhani ana sita. Mama aliugua muda mrefu, maziwa yakamkauka, na mtoto akakonda mpaka ngozi ya mapaja ikawa kama nguo iliyomzidi. Siku mama alipompeleka kituoni kwa mara ya kwanza, muuguzi aitwaye Madamu Irène alimzungushia mkononi utepe wenye rangi tatu. Utepe ulisimama kwenye nyekundu.

"Mtoto huyu ana utapiamlo mkali," alisema Madamu Irène. "Lakini bado ana hamu ya kula, na hiyo ni habari njema. Akiletwa kila Alhamisi tumpime na kumpa vipakiti hivi vya juma zima, na akivila bila kukosa, atapona."

Vipakiti hivyo vilikuwa na karanga laini zilizochanganywa na maziwa na sukari. Akilimali alivifyonza mpaka tone la mwisho.

"Mi Alhamisi niko kazini, madamu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Nikikosa siku moja, kesho yake nakuta wamemchukua mwengine."

Madamu Irène alimtazama Orpha, aliyekuwa ameshika mkoba wa nguo za mtoto. "Na huyu dada mtu, anaweza?"

"Ninaweza," Orpha alijibu haraka.

Wakati wa kurudi nyumbani mama alimpa fishi ya kituo, karatasi ngumu ya rangi ya waridi ambayo uzito wa mtoto uliandikwa kila juma. "Orpha, we ndiye mukubwa. Nakuachia mutoto na fishi yake. Usinikosee."

Alhamisi ya kwanza Orpha hakumkosea, wala ya pili. Madamu Irène aliandika kilo sita na gramu mia moja, kisha kilo sita na gramu mia nne. Lakini Alhamisi ya tatu bomba la mtaani lilikauka. Wanawake walipanga madumu yao mstari mrefu, wakangoja, wakagombana, wakangoja tena. Orpha alipofika kituoni akihema, mtoto akiruka-ruka mgongoni, lango lilikuwa limefungwa. Kibao kilichopigiliwa juu yake kilisema kupima ni mwisho saa tatu. Ndani alisikia watoto wakilia na mizani ikigongana na ndoano yake.

Aliinua mkono abishe hodi. Halafu akauteremsha. Watanigombeza mbele ya watu wote, aliwaza. Alisimama pale kidogo, akageuka, akarudi nyumbani.

Njia nzima alikuwa akifikiria uso wa mama. Alipofika alimlaza Akilimali, akatoa kalamu yake ya shule, ya bluu kama ile ya Madamu Irène, na kwenye kisanduku kilichokuwa wazi akaandika kilo sita na gramu mia saba. Aliandika kwa haraka, namba ya saba ikapinda mguu.

"Ni mara moja tu," alijiambia. "Alhamisi ijayo nitawahi."

Jioni mama aliitazama fishi kwenye mwanga wa mlangoni. "Ameongezeka! Na vipakiti viko wapi?"

"Vimekwisha kituoni. Watatoa wiki ijayo."

Mama aliamini. Kwa nini asiamini? Namba ilikuwa pale.

Tatizo ambalo Orpha hakulifikiria lilimjia usiku, usingizi ulipogoma. Alhamisi ijayo Madamu Irène ataifungua fishi na kuona namba ambayo hakuiandika yeye. Atauliza. Orpha atajibu nini?

Basi Alhamisi iliyofuata hakwenda. Alimfunga mtoto mgongoni, akamuaga jirani kama kawaida, akaenda mtaa wa Asiatique, akakaa kwenye kivuli cha duka la vitambaa. Watu walishusha magunia kutoka kwenye malori, wakaita, wakatukana, wakacheka. Orpha hakuona chochote kati ya hayo. Alikuwa akitazama saa ya ukutani ndani ya duka, akisubiri wakati wa kurudi. Nyumbani aliandika kilo sita na gramu mia tisa.

Juma lililofuata tena aliandika kilo saba na gramu mia mbili, na kwa sababu mama aliuliza tena habari za vipakiti, alisema, "Madamu Irène anasema amekwisha pona. Havihitaji tena."

Mama aliacha bakuli alilokuwa akiosha, akamkumbatia Orpha kwa mikono yenye maji. "Mungu akubariki, mutoto wangu. Umemubeba ndugu yako mpaka amepona." Alimwinua Akilimali, akampima uzito mikononi. "Mbona mi namwona mwepesi? Labda ni uchovu wangu tu. Fishi haiwezi kukosea."

Orpha aliinama akawa anajifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Tangu siku hiyo hakula vizuri. Sehemu kubwa ya chakula chake alimpa Akilimali, akidhani hivyo atalipa kosa. Lakini mtoto aligeuza uso. Ugali na maharage havikuwa chakula cha mtoto aliyedhoofika vile. Hata uji aliunywa vijiko viwili, vitatu, kisha akafumba mdomo.

Danielle, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, alipita siku moja ili waende shule pamoja. Alimchekea Akilimali, akampigia makofi, akamtolea ulimi. Mtoto alimtazama tu.

"Mbona mtoto wenu hacheki?" Danielle aliuliza.

"Ana usingizi."

"Orpha, macho yake yako wazi."

"Nimekwambia ana usingizi!" Orpha alifoka, mpaka Danielle akarudi nyuma hatua moja. Wakaenda shule, mmoja mbele mwingine nyuma, na mchana kutwa Orpha hakusikia hata neno moja la mwalimu.

Siku ya Jumanne alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba, Akilimali mgongoni, aliposikia sauti ya mwanamke kule mbele.

"Asalaam alaikum. Mimi ni Fatouma, wa Kituo cha Mama na Mtoto. Namtafuta mtoto anaitwa Akilimali. Alhamisi tatu hatujamwona."

"Wanakaa hapo hapo," jirani alijibu. "Mama yuko kazini, lakini dada yake yupo. Orpha! We Orpha!"

Orpha aliziacha nguo kwenye kamba. Alipita kwenye tundu la ua, akaingia uchochoro, akaenda mbio mpaka msikitini, akasimama nyuma ya ukuta. Alikaa pale muda mrefu. Kitu kilichomtisha kuliko Mama Fatouma ni kwamba mbio zile zote, mitikisiko ile yote, Akilimali hakulia hata mara moja.

Aliporudi, alikuta kikaratasi kimechomekwa mlangoni: *Mama wa Akilimali, tafadhali mlete mtoto haraka. Tuna wasiwasi naye.* Orpha alikikunja kikaratasi mara nne, akakitia ndani ya daftari la hesabu.

Jumatano mtoto alianza kuharisha. Mama aliporudi akiwa amechoka, Orpha alisema ni meno yanaota. Alhamisi asubuhi mama alimgusa Akilimali kichwani, akasita mlangoni.

"Leo mwonyeshe Madamu Irène. Mwambie anaharisha."

"Ndiyo, mama."

Mama alipokwisha kuondoka, Orpha alikoroga uji mwepesi, akampa mtoto kijiko kimoja. Akautapika. Akampa maji, akayatapika pia. Viganja vyake vilikuwa baridi, na macho yalikuwa yamezama kama ya mtu mzee. Orpha alimwita jina, akamtikisa kidogo. Kope zilifunguka nusu, zikafunga.

Hapo hofu ya kugombezwa ilimtoka yote, ikaingia hofu nyingine kubwa zaidi. Alimfunga kifuani, si mgongoni, apate kumsikia akipumua, akakwapua fishi na kukimbia.

Saa tatu ilikuwa imepita zamani. Lango lilikuwa limefungwa, na kibao kilikuwa palepale. Orpha alilipiga kwa ngumi zote mbili. "Nifungulieni! Mdogo wangu anakufa! Nifungulieni!"

Mzee Shakuru, mlinzi, alifungua kabla hajamaliza kusema. Alimtupia mtoto jicho moja tu. "Pita, pita! Chumba cha mwisho. Madamu Irène!"

Madamu Irène alimpokea Akilimali, akamvua nguo, akamtundika kwenye mizani. Mshale wa mizani ulitikisika, ukatulia kwenye kilo tano na gramu mia tisa. Alishika fishi na kuisoma, uso wake ukabadilika.

"Juma lililopita alikuwa na kilo saba na gramu mia mbili? Orpha, tulidhani mmepotea. Kumbe mlikuwa mkipimwa kituo kingine?"

Orpha aliitika kwa kichwa, chini na juu.

"Anaharisha?"

"Tangu jana. Na anatapika."

Madamu Irène alimgeukia mwenzake. "Kilo nzima na zaidi imepotea ndani ya siku saba. Hayo ni maji yaliyomtoka mwilini. Lete dripu, tumrudishie maji haraka."

Chupa ya maji ilitundikwa. Mpira mwembamba ukafunguliwa. Madamu Irène aliushika mkono mdogo wa Akilimali chini ya taa, akaanza kuutafuta mshipa. Orpha alikuwa amesimama ukutani. Aliyasikia maneno yale tena na tena kichwani: kilo nzima, ndani ya siku saba. Si kweli. Hakuna kilo iliyopotea ndani ya siku saba. Ile kilo haikuwepo kamwe. Alikuwa ameitengeneza yeye kwa kalamu, na sasa muuguzi wa mdogo wake alikuwa akiitumia.

Labda haidhuru, aliwaza. Labda dawa ni ileile. Nikinyamaza, atapona, na hakuna atakayejua.

Sindano ilitolewa kwenye karatasi yake.

"Madamu!" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Madamu, ngoja! Hizo namba si za kweli. Niliziandika mimi."

Mkono wa Madamu Irène ulisimama hewani. "Sema tena."

"Namba tatu za mwisho. Hatukwenda kituo kingine. Hajapimwa tangu siku ile ya kilo sita na gramu mia nne. Na vipakiti vya siku ile vilipokwisha, hajala vingine." Machozi yalimtiririka mpaka shingoni, lakini hakuacha kusema. "Nilichelewa siku moja, nikaogopa. Halafu nikaogopa zaidi."

Madamu Irène aliirudisha sindano kwenye sinia. Hakupaza sauti. Aliiangalia fishi tena, ile saba yenye mguu uliopinda, kisha akamwangalia mtoto kama anayemwona upya.

"Ondoeni dripu," alimwambia mwenzake. "Huyu amekuwa akikonda kwa majuma manne. Leteni maji ya sukari na kijiko, na blanketi. Kisha yale maziwa mepesi ya tiba, kidogo kidogo. Orpha, futa uso, kaa hapa. Mtoto amepoa sana, anahitaji joto."

Walimweka Akilimali kifuani pa Orpha, ngozi kwa ngozi, wakawafunika wote wawili. Muuguzi mwenzake akawa anamdondoshea maji ya sukari mdomoni. Kijiko kimoja, kungoja. Kijiko kingine, kungoja. Orpha alihesabu pumzi za mdogo wake, na kila baada ya pumzi moja aliogopa kwamba inayofuata haitakuja.

"Ungeninyamazia," Madamu Irène alisema baadaye, akimpima mtoto joto, "ningemtia maji mengi kwa haraka. Mtoto aliyekonda muda mrefu hivi, moyo wake pia umekonda. Maji yale yangeweza kuuzidi nguvu. Umenielewa?"

Orpha aliitika kwa kichwa. Alielewa.

Mama Fatouma alikuwa amempigia mama simu. Adhuhuri Namegabe aliingia mbio, kitambaa cha kichwa kimelegea, povu la sabuni limekauka kwenye viwiko. "Mutoto wangu ana nini? Si mlisema amepona?"

Madamu Irène alimtazama Orpha, na Orpha akajua kwamba maneno hayo hakuna mtu atakayemsemea. Aliyasema yote: lango, kalamu, duka la Asiatique, kikaratasi kilichokuwa ndani ya daftari la hesabu. Alisema bila kuinua macho.

Mama aliketi sakafuni. Alikaa hivyo mpaka Orpha akatamani apigwe kofi, ili kimya kile kiishe.

"Nilimbeba," mama alisema mwishowe, kama anazungumza na mikono yake. "Kila jioni nilimbeba nikahisi anapungua. Nikasema, apana, Namegabe, fishi inasema anaongezeka. Nikaacha kuamini mikono yangu."

Neno hilo lilimuuma Orpha kuliko kofi lolote.

Mama na Akilimali walilala kituoni siku tisa. Kulikuwa na chumba chenye vitanda vinne kwa ajili ya watoto kama Akilimali. Siku mbili za kwanza hakuna aliyethubutu kusema atapona. Mama Fatouma alikwenda mwenyewe mpaka Mutanga Sud kuwaeleza waajiri wa mama kwa nini hayupo, na akarudi na jibu kwamba watamngoja. Orpha alikuja kila asubuhi akiwa na nguo safi, na kila asubuhi alipopita langoni alitafuta kwanza uso wa Mzee Shakuru, ajue kutoka kwake kama ndugu yake yuko hai.

"Yupo," Mzee Shakuru alimwambia siku ya nne kabla hajauliza. "Na leo ametupigia kelele akitaka maziwa. Halafu nikuambie, binti. Ile siku ya kwanza ulipochelewa, ungebisha tu ningekufungulia."

Siku ya tisa utepe ulisogea kutoka nyekundu, ukaingia njano. Madamu Irène aliwaketisha mama na Orpha kwenye benchi. Alichora mstari juu ya zile namba tatu, akaandika namba ya siku hiyo chini yake: kilo sita na gramu mia tatu.

"Kibao cha langoni nimekibadilisha," alisema. "Sasa kinasema aliyechelewa abishe hodi. Kosa hilo lilikuwa letu. Lakini lako, Orpha, ni lako. Kuchelewa hakukumdhuru mdogo wako. Kuogopa pia hakukumdhuru, kila mtu anaogopa. Kilichomdhuru ni kutuficha. Mimi siwezi kumtibu mtoto wa kwenye karatasi, ninamtibu huyu aliye mapajani pa mama yake. Siku uliyosema kweli ulikuwa unaogopa kuliko siku zote, na bado ukasema. Ndiyo maana nakupa tena fishi hii. Utaichukua?"

Orpha alimtazama mama kwanza. Mama aliitazama fishi, kisha akaitika kwa kichwa.

Alhamisi mbili zilizofuata Akilimali aliongezeka. Ya tatu alikuwa na mafua, na mshale wa mizani ulisimama chini ya pale uliposimama juma lililopita. Gramu mia moja zilikuwa zimepungua. Orpha alirudi nyumbani na vipakiti mkobani. Alipotoka shule alikaa mlangoni akimngoja mama, na mama alipoingia tu, kabla hata hajavua viatu, alimpa fishi.

"Mama, leo amepungua."

Mama aliisoma namba ile, akaisoma tena. Orpha alikuwa amekaza vidole vyake nyuma ya mgongo.

"Vizuri umeniambia," mama alisema. Alimvuta Orpha kwa bega, akamkalisha karibu naye. "Sikiliza, mutoto wangu. Namba ikiwa mbaya, mi najua la kufanya. Nitamwongezea uji, nitamfunika asipate baridi, nitaamka kumwangalia. Lakini nikiletewa namba nzuri ya uongo, nitakwenda kulala. Basi kila siku niletee ile ya kweli, hata kama inaniumiza."

Kisha akasimama, akawasha jiko, na Orpha akachekecha unga wa uji.